Pentax K1000 kwenye mawe meusi ya Goma

Wazazi na vijana huniuliza ni kamera gani inunuliwe kwa mtu anayeanza kupiga picha nyeusi na nyeupe. Jibu langu halijabadilika: Pentax K1000 ya mtumba, lenzi yake ya milimita 50, na mkanda wa filamu wa Ilford HP5 Plus ndani. Jumamosi huwa nafundisha vijana wa chuo huku mtaa wa Himbi, Goma, mashariki mwa Kongo, na kamera hizi ndizo zinazozunguka mikononi mwao. Ninaisifu kwa ajili ya mji huu hasa. Goma ni mji mweusi. Tunakanyaga lava, mawe yaliyotoka volkano, tunajenga kwa lava, na uzio wa nyumba zetu ni mawe ya lava yaliyofungwa kwa mistari ya saruji. Kamera inayojiamulia kila kitu ikifika hapa inaugeuza weusi huo kuwa kijivu, na mwanafunzi anadhani ndivyo mji ulivyo.

Kuhusu mwili wake nitasema machache. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ya chuma, na inafanya kazi kwa mitambo mitupu. Betri yake ndogo ya LR44 ni ya kipimamwanga tu, ikiisha bado unapiga picha. Kwa mitaa yetu ambako umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, kamera isiyohitaji chaja ni neema. Shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inaanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Haina fokasi ya kujiweka yenyewe, wala swichi ya kuzima kipimamwanga. Ukiiacha lenzi wazi betri inaliwa usiku kucha, basi kifuniko kirudi mahali pake kila ukimaliza.

Ukichungulia ndani, upande wa kulia utaona sindano moja. Ikipanda, mwanga umezidi. Ikishuka, haujatosha. Ikitulia katikati, kamera imeridhika. Lakini kamera haijui inatazama nini. Inachukulia kwamba kilicho mbele yake, chochote kile, ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ielekeze kwenye shati jeupe, itataka upunguze mwanga mpaka shati lifanane na kijivu hicho. Ielekeze kwenye ukuta wa lava, itataka uongeze mpaka jiwe lifanane na majivu ya jikoni. Tena hupima fremu nzima kwa wastani, kwa hiyo kipande cha anga kikiingia juu, sindano inaruka.

Mwanafunzi wangu mmoja alipiga chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, iliyoegemezwa ukutani Birere, mtaa uliopitiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002. Aliijaza fremu kwa jiwe na mbao, sindano ikatulia katikati kabisa, akabonyeza. Negativu ilitoka nzito, yaani mwanga umezidi, na picha ikatoka tambarare: jiwe, mbao na gurudumu vyote rangi moja. Nikamwambia arudi pale pale saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini na linapita ubavuni mwa ukuta, apime kile kivuli anachotaka kionyeshe chembe za jiwe, kisha afunge lenzi hatua mbili, kila hatua ikipunguza mwanga kwa nusu. Sindano ilimpa shata ya 1/125 na tundu la lenzi la f/5.6, akapiga kwa f/11, tundu dogo zaidi. Sasa matundu madogo ya lava yanaonekana, kila moja na ukingo wake wa mwanga, gurudumu la mbao limejitenga na ukuta, na weusi ni weusi kweli. Picha hiyo nimeibandika darasani.

Kwa nini hatua mbili? Kwa sababu kivuli chenye chembe hukaa hatua mbili chini ya kijivu cha wastani. Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer waliupanga utaratibu huu Marekani karibu na mwaka 1940, wakagawa mwanga wote katika ngazi, kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu. Mwanafunzi wa Goma anaweza kuujifunza kwa mguu tu, akitembea kutoka lango hadi barabarani.

Ninalolijali kuliko yote ni nyuso. Tulikwenda soko la Kituku, kando ya Ziwa Kivu, kupiga akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo. Mama mmoja alikaa chini ya mwavuli, beseni mbele yake, ziwa likimeremeta nyuma. Binti aliyeshika kamera aliomba ruhusa vizuri: “Jambo mama, naweza kukupiga picha?” Mama akakubali, akajiweka sawa kitenge. Binti akafuata sindano, na sindano ilikuwa ikifuata ziwa. Tulipoisafisha filamu, sambaza walikuwa wazuri ajabu, fedha tupu juu ya beseni, lakini palipokuwa na uso palikuwa hapana kitu. “Mwalimu, mama yuko wapi?” Hakuna dawa wala karatasi itakayourudisha uso ambao filamu haikuupokea. Filamu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na watu wetu ndio wanaopotea mwanga ukipungua.

Uso wa mtu mweusi si kivuli. Una paji linalong'aa, shavu linaloshika mwanga na chini ya shavu pale panapotulia, na vyote hivyo vinastahili kuonekana. Ninachowafundisha ni kiganja. Weka kiganja chako kwenye mwanga ule ule ulioangukia uso wa mtu, kijaze fremu, pima, kisha fungua lenzi hatua moja. Viganja vya watu havipishani sana, karibu vyote ni vyeupe kuliko kijivu cha wastani kwa hatua hiyo moja. Uso utatoka kama ulivyo, mweusi ukiwa mweusi na mwekundu wa maji ya kunde ukiwa hivyo. Baada ya hapo usiiguse sindano tena, hata ziwa liwake namna gani.

Saa sita mchana ni habari nyingine. Tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, jua linasimama utosini na macho yanazama ndani ya mashimo yake. Kwingineko mchanga au saruji hurudisha mwanga kidogo chini ya kidevu. Lava hairudishi. Ndiyo maana vivuli vya Goma ni vizito kuliko unavyovitarajia. Tandika gunia jeupe la unga mbele ya miguu ya unayempiga, uangalie macho yake yanavyofunguka. Bei yake ni ndogo, na linafanya kazi kuliko kifaa chochote cha dukani nilichowahi kukishika.

Rangi nazo huwadanganya vijana. Nyanya nyekundu juu ya jani bichi la mgomba zinapendeza machoni, lakini kwenye filamu nyekundu na kijani vinaweza kuangukia kijivu kimoja, na rundo zima likapotea. Kichujio chekundu mbele ya lenzi huzitenganisha: nyanya zinakuwa nyeupe, jani linakuwa jeusi, na anga ya buluu inaingia giza nyuma ya mawingu. Kinakula karibu hatua tatu za mwanga. Kwa mawingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu, kitumieni. Kwa watu, darasani kwangu sikiruhusu, maana kinaifanya ngozi yetu ionekane nyeupe kuliko ilivyo.

HP5 nimeichagua kwa sababu ya upole wake. Ni mkanda wa ISO 400, kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga: unatosha asubuhi, unatosha chini ya turubai la soko. Tunausafisha kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, dakika 13 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na hali ya hewa ya mji huu, ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, inatusaidia sana: maji ya ndoo iliyolala ndani asubuhi hayako mbali na joto hilo. Yachujeni kwa kitambaa. Vijana hupenda kuusukuma mkanda hadi 1600, yaani kuupiga kama ni wa 1600 na kuusafisha muda mrefu zaidi, ili picha iwe kali, nyeusi na nyeupe bila katikati. Jioni, ndani ya baa yenye balbu moja, sawa. Kwenye jua la mchana juu ya lava ni kutupa mkanda, maana ukali tayari mnao, mnachokosa ni ile ngazi ya katikati.

Kasoro zipo. Kipimamwanga ni kizito kuamka: ukitoka juani ukaingia ndani, subiri sindano itulie kabla ya kuiamini. Shata inaishia 1/1000, na kwa mkanda wa 400 kwenye jua kali kawaida ni 1/500 na f/16, kwa hiyo tundu hulifungui zaidi ya f/11. Anayetaka nyuma ya mtu pafifie atafute kivuli. Ni nzito shingoni. Na mikanda ni ghali, inasubiri mtu anayesafiri, kwa hiyo kila fremu kati ya zile 36 inauma. Kwa mwanafunzi hilo naliona ni faida: anazunguka ukuta mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ukiletewa moja uinunue, fungua mlango wa nyuma kwanza. Sponji nyeusi za pembeni zikinata vidoleni kama lami, mwanga utavuja, lakini zinabadilishwa kwa bei ndogo, ombeni punguzo. Piga shata kwa sekunde 1 na usikilize kama inafunga bila kukwama. Kisha weka betri mpya, elekeza lenzi ukutani, pitisha kiganja mbele yake. Sindano isiposogea, lipia kama kamera isiyo na kipimamwanga, na kijana aanze kwa 1/500 na f/16 juani.