TAHADHARI mafundi wa Tanga: "gundi ya fedha" ya kwenye sindano ni rangi ya mageti

Ndugu zangu, hasa mnaoshika vioo vya tarakimu (LCD) vya mizani, mita na saa: kuna jamaa anauza kitu anachokiita gundi ya fedha, yaani yenye unga wa madini ya fedha unaopitisha umeme, ya kuungia waya kwenye kioo. Inakuja kwenye bomba la sindano la mililita 5, shilingi 25,000. Duka hana. Unamlipa kwa simu, mnakutana Ngamiani, anakukabidhi mzigo hajashuka hata kwenye bodaboda, huyo kaondoka. Msinunue.

Ilivyonikuta ni hivi. Mama mmoja anayeuza samaki Sahare aliniletea mzani wake. Kioo chake cha kizamani, kila kijistari kinachounda tarakimu kina mguu wake wa chuma wa kuletea umeme, uliobanwa ukingoni, na chumvi ya bahari ilishaula mguu mmoja mpaka ukadondoka. Bahati mbaya ulikuwa wa kile kijistari cha juu kulia, kwa hiyo 8 inasomeka 6, na 9 inasomeka 5. "Mwanangu, wateja siku hizi hawabishani bei," akaniambia, "ndipo nikashituka."

Sasa pale ukingoni hakuna shaba. Kuna utando wa oksidi ya indiamu na bati, unaopitisha umeme na kuonyesha kama kioo, mwembamba kiasi kwamba hata sehemu ya mia ya unywele haufiki. Unauona kwa kuinamisha kioo kwenye mwanga. Lehemu ya kawaida haishiki hapo hata umwagie flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) kopo zima, na ukilazimisha moto unaua kioo. Viwandani wanatumia raba za zebra (vipande vya raba vyenye mistari inayopitisha umeme), au utepe unaobandikwa kwa joto na mgandamizo, au miguu ya kubana kama hiyo iliyodondoka. Sisi wa mtaani tunabaki na gundi yenye unga wa fedha, na jamaa anajua kabisa kwamba haipatikani kirahisi hapa mjini. Ndiyo mtego wake.

Akanitumia na maelekezo kwa sauti: "Kwanza pitisha msasa laini kidogo, kaka, ili ishike." Na mimi, mtu mzima, miaka yote hii kwenye kazi, nikachukua msasa nikapitisha! Nikabandika waya, nikaacha ulale. Asubuhi 8 bado ni 6. Gundi yenyewe waja leo waondoka leo: kufika adhuhuri waya uko mezani.

Hapo ndipo nikatoa mita ya kupimia umeme, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutoa hela. Nikachora mstari wa ile gundi kwenye kipande cha kioo cha dirisha, ukakauka, nikapima. Mita ikabaki na ile 1 yake upande wa kushoto. Umeme haupiti kabisa. Nikapima ukingo wa kioo cha mzani, sehemu ya mguu wa jirani: ohm mia mbili na kitu, safi. Sehemu niliyopitisha msasa: 1. Utando nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipompigia akasema sikusubiri ikauke, nipulizie bloa ya hewa ya moto digrii 200. Kioo cha namna hii ukikipiga joto hilo kinageuka cheusi na plastiki yake ya juu inajikunja. Nilipomwambia hivyo akanifungia namba.

Kilichomo mle, kwa ninavyokiona na kukinusa, ni rangi ya alumini, ile ya mageti. Inang'aa kama fedha, lakini kila chembe ya alumini imevaa kutu yake isiyopitisha umeme na imezama kwenye vanishi. Ukiwa na shaka, pima uzito kwa kiganja: fedha ni nzito karibu mara nne ya alumini kwa ujazo uleule, na sindano yangu ilikuwa nyepesi kama ya dawa ya meno. Au mwambie muuzaji achore mstari wa sentimita 2 mbele yako, mngoje ukauke, mpime wote. Ya kweli inasoma ohm chache tu. Akikwambia ana haraka, mwache na haraka yake.

Halafu hata fedha yenyewe si lazima. Vioo hivi vinakula umeme kidogo mno, gundi ya kaboni yenye ohm elfu nzima ingetosha. Kama nafasi ipo, raba ya zebra kutoka kwenye kikokotoo kibovu, ukiifuta kwa spiriti na kuibana sawasawa, inafanya kazi bila gundi yoyote. Msasa usiguse kioo.

Mama nimemrudishia hela yake, anapimia kwa mzani wa mawe wa kuazima mpaka nipate kioo kingine. Gundi iliyobaki nimeipaka kwenye bawaba za mlango wa banda. Hapo imeshika vizuri sana.