Huduma ya kufuatilia membreni za mtambo wa RO, Bagamoyo

Nyumba yetu ya wageni, iliyo upande wa baharini hapa Bagamoyo, inategemea kisima cha maji ya chumvi na mtambo wa RO, unaoondoa chumvi kwa kusukuma maji kwa presha kupita kwenye membreni, yaani utando mwembamba unaozuia chumvi. Tangu tulipoweka membreni mpya tunalipia kila mwezi huduma ya mafundi wa Dar es Salaam, ambao kazi yao kubwa ni kufuatilia mwenendo wa membreni kwa takwimu. Wenzetu wengi wa hoteli huona kusoma geji kunatosha.

Hakutoshi. Maji yetu hukaa kwanza kwenye tangi jeusi la plastiki lililo juani, na membreni hupitisha maji mengi zaidi kadiri yanavyopata joto, takriban asilimia 3 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Alasiri joto likizidi la alfajiri kwa digrii 5, maji safi huongezeka kwa asilimia 15 hivi, na msimamizi anayeona mita imepanda huridhika ilhali uchafu unazidi kuganda ndani. Mafundi hawa hurekebisha kila kipimo kiwe kama kimechukuliwa kwenye digrii 25, huzingatia presha ya osmosisi, yaani ukinzani wa chumvi dhidi ya presha ya pampu, ambao hupanda chumvi ya kisima inapozidi, kisha hulinganisha matokeo na vipimo vya siku za mwanzo za membreni, kwa utaratibu wa ASTM D4516, mwongozo wa kiufundi wa kusawazisha vipimo vya mitambo ya RO. Mtiririko wa maji safi uliosawazishwa hivyo ukishuka kwa asilimia 10 hadi 15, wanashauri membreni zioshwe, na ushauri huo ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu uchafu ulioachwa muda mrefu mara nyingi hautoki hata kwa dawa.

Daftari walilotuachia lina safu za saa, joto, presha, mtiririko na chumvi ya maji yanayoingia na yanayotoka. Kijana wa zamu hulijaza kwa dakika chache.

Kasoro iliyopo si ndogo. Hawahakiki kipima chumvi wala geji mpaka waombwe, na hesabu nzuri juu ya kipimo kibovu huzaa jibu bovu lenye sura ya kitaalamu. Ripoti nayo huchelewa, na presha ikipanda ghafla kuchelewa huko kunaweza kugharimu membreni.

Kwa mtambo mdogo wa nyumbani sioni haja ya huduma hii. Kwa hoteli au kiwanda cha maji ya chupa ninaipendekeza, ilimradi uhakiki wa vipimo na siku ya kuleta ripoti viandikwe kwenye mkataba.