Uzoefu wangu: tui la boksi kwa spageti ya sosi nyeupe bila maziwa, siku za kazi

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Tui la nazi la boksi, lile zito, linafaa sana tu kupikia spageti ya sosi nyeupe bila tone la maziwa, mi naliweka ndani muda wote na sioni nikiliacha. Tui la unga silipendekezi kabisa kwa nyumba yenye mtu mwenye mzio wa maziwa, sababu nitaisema huko chini na naomba hiyo sehemu muisome vizuri hata kama mengine mtayaruka.

Kwangu kuna watu wawili wasiopatana na maziwa na kila mmoja ana yake. Mume wangu tatizo lake ni laktosi, ile sukari ya maziwa, mwili unahitaji kimeng'enya cha kuivunja na kwa watu wazima wengi sana wa huku kwetu hicho kimeng'enya kinapungua ukishatoka utotoni, kwaio akinywa glasi ya maziwa tumbo linajaa gesi usiku kucha, ila kidogo kwenye chakula anavumilia. Binti yangu ni habari nyingine, yeye ana mzio wa protini ya maziwa yenyewe, ulithibitishwa hospitali, na kwake hamna cha kidogo, kijiko kimoja tu anatoka vipele kuzunguka mdomo na anaanza kukohoa. Watu wanachanganya haya mawili kila siku. Unamwambia mtu mtoto ana mzio anakuletea maziwa yasiyo na laktosi, jamani ile sukari ndo imeshughulikiwa, protini iko palepale!

Na huyo binti sasa spageti ndo chakula chake duniani, na ile ya sosi nyeupe anayoona wenzake wanakula kwenye sherehe alikuwa anaitamani mpaka unamuonea huruma. Ya nyanya anakula, ila unaona kabisa macho yake yapo kwenye sahani ya mwenzie.

Najua wapo watakaosema nazi zimejaa Dar, boksi la nini. Ni kweli, na wali wa Jumapili siuwekei tui la boksi hata siku moja, nakaa na mbuzi yangu nakuna, nakamua tui la kwanza naweka pembeni, la pili ndo linachemshia mchele, harufu inajaa mpaka kwa jirani. Lakini Jumatano natoka kazini Posta jioni, foleni ya Buguruni mnaijua, naingia Tabata kiza kimeshatanda, mmoja ana kazi za shule mwingine anasinzia na sare mwilini, hapo uvunje nazi ukute imeharibika ndani urudi tena gengeni, ukune, ukamue, uchuje machicha, na umeme ukikatika hata blenda haina msaada. Boksi nakata kona kwa mkasi, nimemaliza.

Tuje kwenye kununua. Rafuni utakuta maboksi yanafanana sana ila yameandikwa tofauti, kuna la tui la kawaida na kuna la krimu ya nazi. Chukua la krimu. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vinavyoitwa Codex tui la nazi linatakiwa liwe na mafuta kuanzia asilimia 10 na krimu kuanzia asilimia 20, na kwa sosi ya spageti hiyo tofauti unaiona kwa macho, lile la kawaida lazima ulichemshe muda mrefu lipungue ndo lishike, na hapo tena uharaka wake umeisha. Geuza boksi usome viambato. Bora kabisa ni lenye nazi na maji basi, lakini mengi yana E412, huo ni unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde unaoitwa gwaa, kazi yake kuongeza uzito, na E435 ya kushikanisha mafuta na maji. Mi hizo hazinisumbui. Ninaloliangalia ni asilimia ya nazi, wengi wanaiandika, yenye namba kubwa ndo naibeba.

Sasa tui la unga. Siku moja nimesimama supamaketi naangalia pakiti ya tui la unga, dada wa pale akanisogelea kwa upole kabisa, "Chukua tu mama, hiyo ni nazi tupu, haina maziwa." Mbele ya pakiti kuna picha ya nazi iliyopasuliwa, kijani na nyeupe, huoni ng'ombe popote. Nikageuza nyuma, nazi, kisha kitu cha wanga, kisha kwa herufi ndogo kabisa sodiamu kaseineti. Hiyo kaseineti ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Inawekwa ili mafuta ya nazi yakubali kukauka kuwa unga na ukitia maji yachanganyike vizuri, na tui la unga linalouzwa mara nyingi lina hiyo kitu. Nilimuonyesha dada akashangaa kweli, akasema hajawahi kuambiwa, akaita na mwenzie aje aone. Simlaumu hata kidogo. Lakini fikiria mama ambaye hajui hilo neno, anamnunulia mtoto mwenye mzio akiamini kampatia nazi, mtoto anavimba usiku na hakuna anayejua kimetoka wapi. Kwa mtu wa laktosi kama mume wangu wala haina shida kubwa, kwa mwenye mzio ni hatari. Na majarini hivyohivyo, nyingine zina maziwa ndani, soma kila kopo.

Ninavyopika. Pakiti ya spageti ya gramu 500 na maboksi mawili ya mililita 200, tunakula watano na kiporo kinabaki.

Maji ya kuchemshia nabandika kidogo, lita 3 hivi, kwa makusudi, maana maji yakiwa machache wanga wa spageti unakolea humo, na chumvi natia ya kutosha mpaka maji yawe na ladha. Naipua dakika moja au mbili kabla ya zile zilizoandikwa kwenye pakiti kwa sababu itamalizikia kuiva ndani ya sosi. Kabla ya kumwaga nachota vikombe viwili vya yale maji meupe meupe. Usiyamwage yote, nakuomba, hayo maji ndo yanafanya sosi iteleze na kung'ang'ania tambi badala ya kujikusanya chini ya sahani, ule wanga unashika mafuta ya nazi na maji visiachane.

Huku spageti inachemka jiko la pili naweka mafuta kidogo na kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa ndogo ndogo, moto mdogo, kilainike kisibadilike rangi, ukikiunguza sosi inakuwa ya kahawia na utamu wake unakuwa mwingine. Kitunguu saumu punje sita nasaga na chumvi kwenye kinu, natia mwishoni kwa nusu dakika tu. Kama kuna uyoga nautangulizia kwenye kikaango kikavu peke yake utoe maji yake ukauke, ndo unaingia. Kama kuna kuku wa jana namchambua. Mwisho wa mwezi kamba wa soko la samaki la Feri, hao wanaingia dakika tatu za mwisho, zaidi ya hapo wanakuwa wagumu.

Halafu natangulia na nusu kikombe cha yale maji ya spageti, yakitokota napunguza moto mpaka mwisho, ndo namimina tui. Hapa boksi linalishinda la kukamua na nalisema bila kigugumizi. Tui la kukamua ukiacha lichemke kwa nguvu bila kukoroga linakatika, mafuta yanaelea juu na chini kunabaki maji yenye chengachenga. La boksi lenye zile E za kwenye viambato linavumilia, kwaio hata ukiitwa mlangoni ukarudi unalikuta salama. Pamoja na hivyo usilichemshe sana, litoe tu mapovu madogo pembeni ya sufuria, dakika nne tano linatosha. Chovya mwiko, geuza, pitisha kidole mgongoni mwake, njia ikibaki wazi bila kujifunga sosi iko tayari. Pilipili manga ya kusaga muda huohuo, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, hii kungumanga ndo inayokupeleka kwenye ile ladha ya sosi nyeupe ya hotelini, bila hiyo unapata mchuzi wa nazi wenye tambi, mtamu ila sio tulichokuwa tunatafuta. Spageti inaingia sufuriani na maji yake ya kudondoka, unageuza geuza kwa dakika moja, ikikaza unaongeza yale maji uliyochota. Ndimu nakamua nusu baada ya kuzima moto kabisa, inakata uzito wa mafuta na inapunguza utamu wa nazi.

Yote hiyo dakika 25, mtungi ukiwa na gesi ya kueleweka.

Ladha sasa, nisidanganye mtu, nazi unaisikia. Kwa sisi tuliolelewa na samaki wa nazi na kunde za nazi wala hakuna shida, ila mtu anayetaka sosi isiyo na harufu ya nazi kabisa atumie korosho. Unachukua gramu 100 za korosho ambazo hazijakaangwa, unalowesha kwenye maji ya moto dakika 20, unasaga na kikombe cha maji mpaka iwe laini kama uji, ladha yake imepoa na rangi ni nyeupe nzuri. Korosho zetu za Mtwara na Lindi ukinunua zile vipande vipande bei ni afadhali kuliko nzima, na kwenye blenda nani anaona kama zilikuwa nzima. Mi nikiwa na nafasi nachanganya, boksi moja la krimu na konzi ya korosho, hiyo ndo bora kuliko zote nilizoonja nyumbani. Ila inataka blenda na umeme, na ukiwa na mgeni uliza kwanza maana korosho nayo ina watu wa mzio wake.

Bei ndo malalamiko yangu. Kwa boksi moja dogo sokoni unapata nazi mbili na hela ya nyanya inabaki, na mengi niliyoyakuta rafuni yametoka Thailand, Indonesia na Sri Lanka wakati minazi imejaa Mafia na Mkuranga hapo. Inauma. Kwaio kwangu ni chakula cha mara moja kwa wiki, na hata kiafya naona ni sawa, mafuta ya nazi mengi ni yale ya kuganda, hayafai kuwa ya kila siku. Na ujue nazi haichukui nafasi ya maziwa kwa mtoto, kalsiamu humo hamna ya maana, binti yangu anaipata kwenye dagaa anaokula na miba yao.

Kutunza ni rahisi. Boksi lisilofunguliwa linakaa kabatini bila friji, likishafunguliwa hamishia kwenye chombo chenye mfuniko, friji, siku mbili tatu liishe. Ukilikuta limeganda usilitupe, mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, lirudishe kwenye moto mdogo litalainika. Kiporo nacho kinapasha vizuri kwa maji kidogo. Boksi lililovimba ndo usiliguse, kuna duka niliwahi kupewa la hivyo, nikalirudisha mezani wakanibadilishia.

Ningepata nafasi ya kuongea na wanaoingiza na wanaofungasha hizi bidhaa ningewaomba kitu kimoja tu, wabandike mbele ya pakiti, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, INA MAZIWA. Siyo kaseineti kwa nyuma kwa herufi za sisimizi. Mpaka wafanye hivyo, la unga sinunui, na la boksi nasoma kila mara hata lile ninalolijua, maana wanabadilisha viambato na picha ya nazi inabaki ileile.