Winston Smith na Tindikali: Hakiki ya Riwaya ya 1984

Rafiki yangu niliyemwazima nakala yangu ya 1984, riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949, aliirudisha ikiwa imekunjwa ukurasa katikati, akaniambia kwamba hawezi kuendelea kumfuata mtu aliyekubali kummwagia mtoto tindikali usoni. Sikubishana naye papo hapo, kwa kuwa tukio hilo limo kitabuni kweli.

Winston, mhusika mkuu, na mpenzi wake Julia wamekwenda nyumbani kwa O'Brien, mkubwa wa Chama kinachotawala kimabavu, ambaye wanamdhania kuwa mpinzani wa siri. Anawauliza kama wako tayari kuua, kufanya hujuma zitakazoangamiza mamia ya watu wasio na hatia, kughushi, na pia kusambaza dawa za kulevya, na kila swali linajibiwa kwa ndiyo, hata lile la tindikali. Kinachokataliwa ni kimoja tu, yaani wao wawili kutenganishwa, na hata hapo Julia ndiye anayewahi kusema hapana.

Linalonisumbua zaidi ni mahali Orwell alipoliweka tukio hilo. Sura iliyotangulia, Winston amemkumbuka mama yake wakati wa njaa: alivyompokonya dada yake mdogo, mtoto dhaifu na mgonjwa, kipande chake cha chokoleti, akakimbilia nje kikimnatanata mkononi, huku mama akimzungushia mtoto mkono na kumbana kifuani, ingawa mkono huo haukuweza kurudisha chochote. Aliporudi, wote wawili walikuwa wametoweka. Kwa kumbukumbu hiyo Winston anatambua kwamba tendo la huruma lina thamani hata lisipofaa kitu; kisha, kurasa chache tu mbele, anaahidi tindikali. Sijui mwandishi angewezaje kumfunua mtu wake waziwazi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo rafiki yangu alipima sawasawa, ila aliacha kusoma kabla kesi haijasikilizwa. Katika sehemu ya tatu, Winston akiwa mateka anayeteswa katika Wizara ya Upendo, anathubutu kudai kuwa yeye ni bora kimaadili kuliko Chama, naye O'Brien, badala ya kumjibu kwa hoja, anamfungulia sauti yao iliyorekodiwa usiku ule. Shtaka la msomaji linatolewa na mtesaji, na hilo ni jambo chungu kulisoma, maana nilijikuta upande mmoja na O'Brien kwa sekunde kadhaa.

Anayetafuta mtu mwema atampata mahabusu mnene asiye na kidevu, anayetoa kipande cha mkate mfukoni na kumpelekea mwenzake anayekufa kwa njaa, kisha anapigwa hadi meno yake ya bandia yanamtoka. Ameandikiwa mistari michache tu.

Lawama yangu kwa Orwell ni nyingine. Julia hapewi nafasi ya kutosha ya kuhukumiwa: maadili yake tunayaona kwa macho ya Winston, naye anasinzia wakati kitabu cha Goldstein, anayetangazwa kuwa adui mkuu wa Chama, kinasomwa, kurasa ndefu ambazo, kusema kweli, nami zilinichosha. Nakala nimempelekea rafiki yangu tena, nikiwa nimeukunjua ule ukurasa.