Fish: sheli ninayompa kila anayeanza terminali

Mtu akiniuliza aanzie wapi na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, namwambia weka fish kwanza, amri tutaongea baadae. Ni sheli ya bure, yaani ile programu inayopokea unachoandika na kukifanyia kazi, ipo tangu 2005. Ubuntu unaandika sudo apt install fish, Mac yenye Homebrew (programu ya kuwekea programu nyingine) ni brew install fish, ikishaingia unaandika fish unagonga Enter, ukitaka kutoka ni exit unarudi kwenye sheli yako ya kawaida.

Nachoipendea ni kwamba inakuonyesha kosa kabla hujagonga Enter. Andika mkdri badala ya mkdir, amri ya kutengeneza folda, neno linakaa jekundu mpaka urekebishe. Na jina la faili au folda iliyopo kweli linapigwa mstari chini, hapo ndo pana utamu kwa anayejifunza rm, amri ya kufuta, maana rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka, ikifuta imefuta. Tuseme una folda mbili, Picha na Picha 2023, unataka kufuta ya pili ukaandika rm -r Picha 2023. Ile nafasi inafanya visomeke vitu viwili tofauti, kwa hiyo inafutwa Picha yote halafu unaambiwa 2023 haipo! Ndani ya fish utaona Picha ina mstari na 2023 haina, unashtuka mapema, unarudi unaandika Pic unagonga Tab na kuchagua folda unayoitaka kwenye orodha.

Inakumbuka pia ulichowahi kuandika, ukianza tu cd, amri ya kuingia kwenye folda, inakuletea kwa rangi ya kijivu folda uliyoingia juzi, mshale wa kulia unakubali. Amri za ls, pwd, cp, mv na cat ni zilezile unazotumia kwenye Bash, sheli inayokuja na Linux nyingi, kwa hiyo ukikalia mashine ya mwenzako hupotei.

Kasoro yake ni skripti, yaani faili lenye amri nyingi zinazoendeshwa kwa pamoja. Fish haifuati uandishi wa Bash, ukiandika jina=Asha inagoma, ila angalau inakwambia palepale utumie set jina Asha. Skripti nyingi za kunakili mtandaoni zitakusumbua kwa hiyo ziendeshe hivi, bash skripti.sh, na usikimbilie kuifanya fish sheli yako kuu kwa chsh, amri ya kubadilisha sheli. Anayetaka kuandika skripti za seva ajifunze Bash sambamba, ila kwa kuzoea folda na mafaili mi sijaona inayomfaa anayeanza kama hii.