Uzoefu wangu wa mashine za kuzuia harufu katika uwanja mkubwa wa mboji

Ninasimamia uwanja wa kutengenezea mboji nje kidogo ya Kibaha, mkoani Pwani, ambao hupokea taka za masokoni pamoja na samadi ya kuku kutoka kwa wafugaji wa jirani. Mchanganyiko huo ni mali kwa mkulima na ni adha kwa anayeishi karibu: maembe na mananasi yaliyooza huleta ukali wa siki, samadi ya kuku hutoa amonia inayochoma macho, na lundo likikosa hewa ndani yake hutoa salfidi ya hidrojeni, ile harufu ya yai viza ambayo pua huitambua hata ikiwa kidogo mno. Tumetumia mitambo ya aina tatu kupambana na hali hiyo, nami ninaandika kwa ajili ya wanaofikiria kununua, kwa kuwa wauzaji huinadi yote mitatu kwa ahadi ileile ya kuondoa harufu, ilhali ni mmoja tu unaoiondoa.

Wa kwanza ni mashine ya kugeuzia matuta, inayovutwa na trekta na kupata nguvu zake kwenye shafti ya PTO, yaani ile ya nyuma ya trekta inayozungusha zana. Ngoma yake yenye meno hulipasua tuta lenye upana wa karibu mita 3 na kimo cha mita 1.5, hulichanganya vizuri kuliko vibarua wengi wenye makoleo, kisha hulitua likiwa limelegea. Kwa kuchanganya na kwa kuharakisha ukomavu wa mboji sina lawama nayo hata kidogo. Kwa harufu, hata hivyo, maelezo tuliyopewa na muuzaji yalikuwa ya kupotosha, kwa sababu katika tuta bichi lililofikia nyuzi 60 za Selsiasi bakteria huimaliza oksijeni iliyoingizwa ndani ya saa chache tu, na kila tuta linapofunguliwa gesi zote zilizojikusanya ndani hutoka kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo mashine hii haizuii harufu. Inachagua tu saa ambayo jirani ataisikia.

Hilo la saa si dogo. Sisi hugeuza matuta kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati jua limekwisha kuipasha ardhi joto na hewa inapanda na kutawanyika, kwani alfajiri na jioni hewa hutulia na harufu hutambaa chini kwa chini hadi madirishani mwa watu. Vilevile tunafuata majira ya upepo: kusi inapovuma, wanaoumia ni majirani wa upande wa kaskazini-magharibi, na kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka, zamu huwahamia walio kusini-magharibi. Kwa bahati mbaya kaskazi huingia pamoja na msimu wa maembe, ambao ndio wakati taka zetu huwa na maji mengi na harufu kali kuliko wakati mwingine wowote.

Kuna mambo mawili mengine ambayo anayenunua mashine hiyo aulize mapema. Kwanza, inahitaji trekta lenye gia ya kutambaa, yaani linaloweza kwenda chini ya kilomita 1 kwa saa huku shafti ikizunguka kwa kasi kamili; trekta nyingi za kulimia hazina gia hiyo, na dereva hubaki akicheza na klachi hadi inaungua. Pili, taka za sokoni huja na nyuzi za sandarusi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, lakini viroba vya mazao viliendelea, nasi ndio tunaovipokea mwisho wa safari yake. Nyuzi hujiviringisha kwenye ngoma, hukaza, kisha hupenya hadi kwenye sili za beringi. Ndiyo maana kila jioni kijana wetu hulala chini ya mashine akizikata moja moja kwa kisu, trekta likiwa limezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwake mwenyewe.

Mtambo wa pili nitaupitia upesi. Ni pampu na mabomba yenye nozeli ndogo zilizopangwa kando ya uzio, zinazopuliza ukungu wa dawa yenye manukato. Dawa hununuliwa mfululizo, nozeli huziba kwa chumvi ya maji ya kisima, na jirani mmoja mtu mzima alikuja kuniambia, kwa upole wote, “Mwanangu, sasa tunanusa mzoga uliovishwa marashi.” Tumeufungua na kuuweka stoo.

Mtambo wa tatu ndio ulionifanya niandike. Ni feni inayonyonya hewa kutoka chini ya lundo na kuisukuma kwenye kichujio cha kibayolojia. Msingi wake ni wa zamani: mbinu ya kupitisha hewa kwenye lundo lisilogeuzwa ilikuzwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, katika miaka ya 1970. Faida yake huonekana hata katika kanuni za nchi hiyo za mwaka 1993 kuhusu tope la majitaka: matuta ya kugeuzwa yanatakiwa kukaa katika nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na kugeuzwa mara 5, ilhali lundo lililofunikwa na kupitishiwa hewa linatakiwa kukaa katika joto hilo kwa siku 3 bila kuguswa. Kwa mwenye majirani, mara tano za kufungua tuta bichi ni malalamiko matano.

Kwetu mabomba ya plastiki yenye matundu yamelala kwenye mifereji ya sakafu ya zege, juu yake kuna tabaka la vipande vya matawi ili matundu yasizibe, kisha linafuata lundo lenyewe, na mwisho blanketi la mboji iliyokomaa la sentimita 20 hadi 30. Blanketi hilo peke yake hupunguza harufu kwa kiasi cha kushangaza, wala halihitaji umeme. Feni ina mota ya kilowati 4 ya fezi tatu na huwashwa na taima kwa dakika chache katika kila nusu saa.

Kichujio ni boksi la matofali lililojazwa vipande vya mbao, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na mboji kidogo kwa kimo cha mita 1. Bakteria wanaoishi kwenye nyuso zenye unyevu za vipande hivyo huzila gesi zenye harufu, mradi hewa ikae humo sekunde 45 hadi 60. Hapa ndipo wauzaji hubana gharama. Feni inayosukuma mita za ujazo 3,000 kwa saa inahitaji mita za ujazo 50 za vipande ili hewa ikae sekunde 60, na boksi tulilopendekezewa awali halikufikia hata nusu ya hapo. Hesabu hiyo aifanye mnunuzi mwenyewe kabla ya kuweka saini.

Uangalizi wake ni wa kila siku lakini si mgumu. Alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, ninasimama mbele ya kichujio na kuutazama mvuke: ukipanda kwa usawa juu ya boksi zima, kazi inakwenda, ukifuka kama moshi kwenye kona moja au kando ya ukuta, hewa imepata njia ya mkato, na nikisogea pale pua hunithibitishia. Fundi wetu wa umeme ametufungia pia kipande cha mpira mwangavu kilichokunjwa mfano wa herufi U, chenye maji yaliyotiwa rangi, mdomo mmoja ukiwa kwenye bomba linaloingia kichujioni. Tofauti ya vimo vya maji ikiongezeka wiki hadi wiki, vipande vimeoza na kushikamana. Ikishuka ghafla, kuna ufa. Kifaa hicho hakikutugharimu kitu cha kutaja, nacho kinatufaa kuliko kisanduku cha kidijitali kilichokuja na mtambo.

Kasoro zipo. Hewa inayonyonywa ni ya moto na imejaa maji, hivyo bomba lisipokuwa na mteremko na mtego wa kukusanya maji, maji hayo hufika kwenye feni; na kwa kuwa yamebeba gesi za lundo, pangaboi, yaani mapanga yanayozunguka ndani ya feni, likiwa la chuma cha kawaida huliwa na kutu haraka sana. Sisi tulibadilisha na kuweka la chuma kisichoshika kutu, kwa gharama yetu. Aidha, hewa inayoingia kichujioni isizidi nyuzi 40, vinginevyo bakteria hufa, na kiangazi vipande hukauka vikanyamaza kufanya kazi hadi vinyunyiziwe. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, lundo lililozoea kupewa hewa huchacha upesi, kwa hiyo jenereta ihesabiwe kama sehemu ya mtambo.

Wala mtambo haurekebishi mchanganyiko mbovu. Samadi ya kuku ikizidi, naitrojeni hukosa kaboni ya kuishika, amonia hufurika, na kichujio kizuri kabisa hulemewa. Tunalenga sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni na unyevu wa kati ya asilimia 50 na 60, tukitumia maranda, magunzi ya mahindi na makumbi. Maranda peke yake ni laini mno, hushikamana na kuzuia hewa ambayo feni inalipiwa umeme kuipitisha.

Kwa sasa tunapanga hivi: taka bichi hukaa kwenye feni majuma ya mwanzo, hadi ukali wa harufu uishe, ndipo zipelekwe kwenye matuta zikakomae kwa mashine ya kugeuzia. Kama bajeti yako inatosha mtambo mmoja tu na una majirani, anza na feni na kichujio, na matuta uyageuze kwa kijiko cha kukodi. Dai pangaboi lisiloshika kutu, mtego wa maji na beringi za akiba viandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu huku kwetu kusubiri beringi kutoka nje kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mboji yenyewe kukomaa.