Tairi mpya za Leaf yangu

Mwaka jana niliifungia Nissan Leaf yangu, gari la umeme, tairi za bei nafuu, 205/55R16. Saizi ni ileile, lakini zilikula chaji: Nairobi hadi Naivasha nilizoea kufika na asilimia 55 ya betri, nikaanza kufika na 46. Na kelele! Gari hili halina injini ya kunguruma, kwa hiyo unasikia tairi tu.

Sasa nimerudia tairi zangu za awali, Bridgestone Ecopia. Nafika na 54, na mama anasinzia tena njiani. Fundi alijaza upepo psi 36 bila kuambiwa, akapima kila gurudumu mara mbili. Nimempenda sana. Ukinunua, soma ubavuni mwa tairi namba ya uzito inaoweza kubeba (load index; ni msimbo, si kilo). Isipungue 91, maana betri ni nzito.